Maiti Wasio na Matanga



Katika parokia zetu, kutoka Baraka kando ya ziwa hadi Fizi juu mlimani, kuna ubishi wa muda mrefu juu ya filamu. Wazee husema kwamba filamu za bastola na za kufukuzana ndizo zinazowaharibu vijana, na kwamba dawa yake ni kufunga mlango wa chumba cha video na kuzima jenereta. Vijana hujibu kwamba filamu ni mchezo tu: damu ile ni rangi, na aliyeuawa leo katika filamu hii tutamwona kesho akicheza katika nyingine. Ubishi huu umechosha, kwa sababu kila upande umeshika pembe ya jambo na kuacha kiini chake. Tunaandika hapa kuzipinga pande zote mbili.

Hoja yetu ni hii. Filamu ya taharuki ina kipaji kimoja kikubwa na uongo mmoja mkubwa. Kipaji chake ni kwamba humgeuza mtazamaji kuwa shahidi. Uongo wake ni kwamba, inapokaribia mwisho, humwachilia shahidi huyo aende zake baada ya kumwonyesha risasi ya mwisho, kana kwamba mambo ya damu huisha hivyo. Watu wa Fizi wanajua kuliko wengi kwamba hayaishi hivyo. Kwa hiyo wao wana haki, na tena wana wajibu, wa kuzihukumu filamu hizi kwa kipimo chao wenyewe.

Tuanze na kipaji, maana si haki kumshtaki mtu bila kutaja wema wake. Alfred Hitchcock, mwongozaji Mwingereza aliyefanya kazi pia Marekani, alieleza taharuki kwa mfano wa bomu. Watu wameketi mezani wakizungumza mambo ya kawaida. Bomu likilipuka ghafla, watazamaji watashtuka kwa sekunde chache, na habari imekwisha. Lakini watazamaji wakionyeshwa kwanza kwamba bomu liko chini ya meza, na kwamba litalipuka baada ya dakika kumi na tano, mazungumzo yale yale ya kawaida yatawatoa jasho. Wanajua jambo ambalo walioketi hawalijui. Wanatamani kupaza sauti: ondokeni hapo!

Babu na bibi zetu hawakumjua Hitchcock, lakini walilijua jambo hilo. Katika hadithi za jioni, mtoto anarudi nyumbani akiimba, na sisi tunaosikiliza tunajua kwamba zimwi limemtangulia na kulala kitandani mwa nyanya yake. Hiyo ndiyo taharuki. Haikuletwa na ndege wala haina dhambi ndani yake. Inamfundisha msikilizaji kumhofia mwingine, kuubeba moyoni mzigo wa mtu asiye ndugu yake. Mzee anayeikataza taharuki yote anakataza hata hadithi alizolelewa nazo.

Kisha ziko kanuni za utanzu huu, ambazo kila kijana anayezitazama filamu hizi anazijua hata kama hajawahi kuzitaja. Kuna kitu kinachotafutwa na wengi: fedha, hati, mzigo, siri. Kuna saa inayokimbia. Kuna mtu mmoja anayefukuzwa, ambaye hawezi kuwategemea polisi wala rafiki. Kuna mwanamke mzuri ambaye ni wa adui, na kumpata yeye ni sehemu ya ushindi. Kuna watu wengi wasio na majina, wanaoanguka mmoja mmoja kama migomba mbele ya panga, na kamera haigeuki kuwatazama tena. Mwishoni yuko shujaa mbele ya adui mkuu, na mmoja wao hatoki. Baada ya hapo muziki unapigwa, majina yanapita kwenye kioo, na watu wanainuka kwenda kulala.

Kanuni ambayo hatuwezi kuinyamazia ni hiyo ya maiti wasio na matanga. Katika filamu hizi watu huuawa, lakini hawazikwi. Hakuna anayeketi chini na mama wa marehemu, hakuna anayepika kwa ajili ya wageni, hakuna anayeuliza watoto watalelewa na nani. Katika maisha yetu kifo cha mtu mmoja husimamisha kijiji kizima. Katika filamu vifo vya watu thelathini havimsimamishi hata mwendesha pikipiki. Si kwamba kifo kinaonyeshwa kupita kiasi, kama wazee wanavyolalamika. Kifo hakionyeshwi kabisa. Kinachoonyeshwa ni kuanguka.

Chukueni mfano wa Rambo, jina ambalo hata asiyewahi kuitazama filamu analijua. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1982, ikiongozwa na Ted Kotcheff, kutokana na riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972. John Rambo ni askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam. Anakwenda kumtembelea mwenzake wa kikosi na kuambiwa kwamba amekwisha kufa. Anapita katika mji mdogo, na mkuu wa polisi wa hapo, kwa kutopenda sura yake, anamfukuza. Anaporudi, anakamatwa na kuteswa. Anakimbilia msituni, na msako unaanza. Katika filamu nzima hiyo anakufa mtu mmoja, askari polisi anayeanguka kutoka helikopta. Na mwisho wake je? Rambo anaketi sakafuni akilia kama mtoto, akimsimulia kamanda wake wa zamani jinsi rafiki yake alivyokufa mikononi mwake, na jinsi jambo hilo lisivyomtoka akilini tangu siku ile. Kisha anajisalimisha.

Je, ni nani anayemkumbuka Rambo huyo? Filamu ya pili, ya mwaka 1985, ilifuta machozi yale. Ilimrudisha Vietnam na bunduki kubwa, ikampa maadui wasiohesabika wa kuwaangusha, na hiyo ndiyo picha iliyobandikwa ukutani duniani kote: kitambaa kichwani, kifua wazi, mkanda wa risasi. Filamu iliyovunja kanuni ilishindwa na filamu iliyoitii. Watengenezaji waligundua kwamba askari anayelia hauziki kama askari anayeua.

Wapo watakaosema: mnaona sasa, wazee walikuwa na haki. Tusikimbilie hapo. Katika vita vya Sierra Leone, vilivyoanza mwaka 1991, wapiganaji vijana walionyeshwa filamu ya kwanza ya Rambo. Paul Richards, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyeifahamu vizuri nchi ile na kuandika kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1996, hakuafiki kwamba filamu ndiyo iliyowapa vijana wazo la kuua. Alieleza kwamba walijiona wenyewe ndani yake: kijana aliyefukuzwa na mji, aliyedharauliwa na wenye vyeo, anayelazimika kuishi porini kwa akili yake. Filamu ilikuwa kioo. Vijana hao hawakudanganywa kuhusu mwanzo wa habari yao, kwa maana kufukuzwa kwao kulikuwa kweli. Walidanganywa kuhusu mwisho wake.

Milimani kwetu maneno haya hayahitaji mfasiri. Kijana asiye na shule wala kazi, aliyeona mali ya nyumbani ikiporwa, akiambiwa kwamba kundi fulani lenye silaha litamrudishia heshima, anasimuliwa hadithi yenye kanuni zile zile: umeonewa, hakuna sheria, hakuna wa kukusaidia, chukua hii. Mwanzo wa hadithi hiyo mara nyingi ni kweli. Mwisho wake haujawahi kuwa kweli hata mara moja. Ndiyo maana jibu la "ni mchezo tu" halitutoshi. Mahali penye usalama filamu hizi zinaweza kuwa mchezo tu. Mahali ambapo bunduki inapatikana kwa urahisi kuliko kazi, zinakuwa mashauri.

Baada ya hayo mtu anaweza kuuliza kama Waafrika wenyewe wamefanya vizuri zaidi walipoushika utanzu huu. Tutazame filamu mbili, moja ya nchi yetu na nyingine ya jirani.

Ya kwanza ni Viva Riva!, ya Mkongo Djo Tunda Wa Munga, iliyotoka mwaka 2010 kwa Kilingala na Kifaransa. Mwaka 2011 ilishinda tuzo sita za filamu za Afrika zijulikanazo kama AMAA, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Si filamu ya kuonyeshwa vijana wadogo, maana mambo ya chumbani yamo bila pazia, na tunawasihi viongozi wa vikundi wasilipuuze hilo. Hata hivyo tunaizungumzia, kwa kuwa ni kazi ya mwenzetu mwenye kipaji na ina mambo ya kujifunza.

Riva anarudi Kinshasa kutoka Angola na mzigo wa petroli aliyoiiba. Mji umekaukiwa na mafuta. Nyuma yake yuko Cesar, bosi Mwangola aliyeibiwa, mwenye mavazi ya kupendeza na moyo wa jiwe. Riva anamwona Nora akicheza katika klabu ya usiku. Nora ni mwanamke wa Azor, mkubwa wa majambazi. Na Riva anamtaka. Humo pia yumo mwanajeshi mwanamke aliyebanwa na Cesar, na hata mtu wa Kanisa anayenusa faida katika petroli hiyo. Kanuni zote zimo: mzigo, saa, mfukuzaji, mwanamke wa adui.

Munga amezivunja mbili kwa ujasiri. Kwanza, hazina inayogombewa si almasi wala dhahabu, vitu ambavyo filamu za wageni haziwezi kuiwazia Kongo bila kuvitaja. Ni petroli, kitu ambacho dereva wa teksi anahitaji ili watoto wake wale jioni. Kwa chaguo hilo moja ameleta shida ya mji mzima ndani ya hadithi ya wezi. Pili, hakuna polisi mwema wa kuja mwishoni kuweka mambo sawa. Karibu kila aliyegusa mzigo ule anaangamia, na Riva mwenyewe hasaliki. Mtazamaji hapewi faraja ya uongo kwamba wizi umelipa. Na wale wanaokasirika kwa sababu Kanisa halikusamehewa katika filamu hiyo wajiulize kwanza kama hasira yao ni juu ya uongo au juu ya aibu.

Lakini kanuni mbili mbaya zaidi Munga ameziacha zisimame. Nora anabaki kuwa zawadi inayogombewa. Tunajua uzuri wake kuliko tunavyojua anataka nini. Na maiti wa Viva Riva! hawana matanga. Hebu lifikirieni jambo hilo! Ni filamu ya Kinshasa, mji ambao neno matanga liko katika kila mtaa, mji ambao watu hufunga barabara kwa mahema ya waombolezaji na kukesha hadi asubuhi. Mwongozaji ameuonyesha mji huo kwa jasho lake, vumbi lake na muziki wake, kisha akawaua watu wake wengi kwa namna ya Hollywood. Kanuni ya kigeni ilikuwa na nguvu kuliko macho yake mwenyewe.

Ya pili ni Nairobi Half Life, ya Mkenya Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, nayo kwa sehemu kubwa inasema Kiswahili na lugha ya mitaani ya Nairobi. Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, ni kijana wa shamba anayeuza kanda za filamu za kigeni, na huwavuta wateja kwa kuigiza mapigano ya mashujaa wa filamu hizo. Anakwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji. Anaporwa siku ya kwanza, anatupwa rumande, na huko anafahamiana na Oti, kiongozi wa kundi la wezi wa vipuri vya magari. Tangu hapo anaishi maisha mawili: mchana mazoezi ya mchezo wa kuigiza, usiku wizi.

Angalieni ujanja wa Gitonga. Shujaa wake ni mtazamaji wa filamu kama zile zinazotushughulisha hapa. Amejifunza kuigiza kutoka kwao, na mjini anagundua kwamba bastola ya kweli haina mwigizaji upande wa pili. Polisi wanaokula na wezi ndio wanaokuja baadaye kuwaua, na mauaji hayo hayapambwi. Ni ya haraka, ya aibu, ya chumba kichafu. Mwas anaponea chupuchupu. Kanuni ingemtaka sasa atafute bunduki na kulipiza. Badala yake anakwenda ukumbini akiwa na majeraha yake na kupanda jukwaani, mbele ya watu walioketi. Anaposema, watazamaji wa ukumbi ule na sisi tunaotazama filamu tunakuwa kundi moja. Kijana aliyekuwa mtazamaji, kisha mwizi, amekuwa shahidi. Gitonga hajawapa matanga wafu wake, lakini amemkataza shujaa wake risasi ya mwisho, na filamu haikupoteza hata chembe ya msisimko kwa kufanya hivyo. Kwa hiyo tusiambiwe tena kwamba taharuki bila kisasi haiwezekani.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa Fizi na Baraka wana habari ambayo inapaswa kuwa kipimo cha filamu hizi zote.

Tarehe 1 Januari 2011, katika ugomvi kati ya askari na raia pale Fizi, askari mmoja aliuawa na watu. Wenzake wakaja kulipiza kisasi. Usiku huo waliingia katika nyumba za watu ambao wengi wao hawakujua hata ugomvi ulianzaje; wakapiga, wakapora, wakabaka makumi ya wanawake. Tuseme wazi: kisasi kile kilifuata kanuni ya filamu hatua kwa hatua. Mwenzetu ameuawa, kwa hiyo wao watalipa. Kila anayeshangilia kisasi kwenye kioo akumbuke jinsi kisasi kilivyoonekana kilipotoka kwenye kioo na kugonga mlango.

Kilichofuata kilivunja kanuni. Mwezi wa Februari mahakama ya kijeshi inayotembea iliketi Baraka. Askari kumi na mmoja walisimamishwa mbele yake. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari 2011, Luteni Kanali Kibibi Mutware, ambaye alikana mashtaka, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Maafisa wengine watatu walipewa kifungo kama hicho, askari wengine kadhaa wakapewa vifungo pungufu, na mmoja akaachiliwa kwa kuonekana hana hatia.

Pimeni habari hii kwa kanuni za utanzu. Shujaa wa pekee yuko wapi? Hayuko. Wako wanawake 49, kila mmoja akileta kipande chake, pamoja na waamuzi, mawakili na makarani. Mwanamke aliye zawadi yuko wapi? Hayuko. Wanawake ndio wanaosema, na wenye bunduki ndio wanaoketi kimya wakisikiliza. Watu wasio na majina wanaoanguka bila kutazamwa wako wapi? Hawako, kwa kuwa kazi yote ya mahakama ilikuwa kumtazama kila mmoja aliyeangushwa. Na yule aliyeachiliwa je? Hakuna filamu ya kisasi iliyowahi kumwachilia mtu. Kisasi hakina uwezo wa kutofautisha mwenye hatia na asiye nayo. Mahakama, hata ile iliyoketi kwa siku chache katika mji wenye vumbi, ilijaribu. Hapo ndipo haki na kisasi zinapoachana njia, na hapo ndipo filamu nyingi zinapotudanganya.

Hatusemi kwamba hukumu ile iliponya yote. Kifungo cha mkosaji hakimrudishii mwanamke usingizi, wala hakimnyamazishi jirani mwenye ulimi mrefu. Na ziko damu ambazo mahakama haijazigusa. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na tarehe 2 Januari 1999, huko Makobola, katika wilaya hii hii ya Fizi, ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotangazwa tarehe 1 Oktoba 2010 inataja zaidi ya watu 800 waliouawa. Ripoti hiyo iliorodhesha matukio 617 ya uhalifu mkubwa katika Kongo yote, kuanzia mwaka 1993 hadi 2003, na majina ya wanaoshukiwa hayakutangazwa. Mwongozaji Mbelgiji Thierry Michel aliufanya ukimya huo kuwa jina la filamu yake ya mwaka 2021, L'Empire du silence, yaani himaya ya ukimya. Filamu ya taharuki huahidi kwamba jina la muuaji litajulikana kabla taa hazijawashwa. Makobola bado inasubiri taa.

Ndiyo sababu tunasema uongo wa mwisho ule ni mzito kwetu kuliko kwa wengine. Anayezoeshwa usiku baada ya usiku kwamba neno la damu hufungwa kwa dakika mia, huchoka upesi na haki ya kweli, ambayo ni ya polepole, ina makaratasi, inaahirishwa, na inadai kwamba shahidi asimame tena na tena. Kitabu cha Mwanzo kinaanza habari za mauaji kwa ndugu wawili. Msomaji anajua kilichotokea shambani kabla ya swali kuulizwa. Kaini anaulizwa alipo ndugu yake, damu ya aliyekufa inasikika kutoka ardhini, kisha muuaji anatiwa alama ili asiwepo mtu wa kumwua. Aliyeuawa hakusahauliwa, na kisasi hakikuruhusiwa. Waandishi wa filamu wangejifunza mengi hapo.

Tunajua majibu yatakayokuja. Watasema: mvuvi aliyekesha ziwani na mkulima aliyeshinda shambani hawataki mafunzo, wanataka kupumzika. Tunakubali, wala hatuombi filamu zigeuke mahubiri. Nairobi Half Life inasisimua mwanzo hadi mwisho. Watasema: filamu haina nafasi ya kuonyesha matanga ya kila mtu. Kweli, lakini filamu iliyopata nafasi ya kuonyesha klabu, magari na mavazi inaweza kupata nusu dakika kwa mama mmoja aliyeketi chini. Na wazee watasema: basi mmekubali, tuzifunge. Wazee wetu, kwa heshima zote, filamu siku hizi hazipiti mlangoni. Zinapita katika kadi ndogo za simu zinazogawiwa kama karanga. Kijana aliyekatazwa atatazama peke yake, bila mtu wa kumwuliza swali. Afadhali atazame nanyi, mkibishana naye hadi usiku.

Kwa hiyo, kikundi chochote cha vijana kinachotazama filamu pamoja kisiinuke majina yanapopita. Kibaki kimeketi na kiulize mambo matatu. Katika filamu hii, nani amewalilia wafu? Kama kesi hii ingeletwa mahakamani, nani angetoa ushahidi, na je, tumemsikia akisema? Na baada ya risasi ya mwisho, ni nani bado ana deni kwa nani? Filamu inayojibu hata swali moja kati ya hayo tuisifu kwa jina. Ile isiyojibu lolote tuitazame kama tunavyomtazama mlevi mcheshi: tunaweza kucheka naye, lakini hatumpi watoto awalee.

Na wenye kipaji cha kuandika na kupiga picha wasingoje Kinshasa wala Nairobi. Bomu la Hitchcock liko chini ya meza zetu tayari. Mwanamke anapaswa kushuka kutoka Fizi hadi Baraka kabla ya siku ya ushahidi. Njiani kuna vizuizi vya wenye bunduki, na baadhi yao ni wenzake wa aliyemtenda. Sisi tunajua, yeye anajua, dereva hajui. Hakuna haja ya risasi hata moja ili watazamaji wasahau kupumua. Mwishoni karani anasoma hukumu, mmoja anaachiliwa, wengine wanapelekwa, na yule mwanamke anapanda mlima kurudi nyumbani, ambako watu wanamngoja wakiwa wameketi chini, kama watu wanavyoketi pale wanapomkumbuka marehemu wao. Filamu hiyo ina kanuni zote za taharuki isipokuwa uongo wake, na wanaostahili kuitengeneza ni ninyi.